Nilimnyima Mwanangu Kidole Gumba

Mwaka ule tulikuwa tunakula ugali wa mahindi ya njano, yale ya msaada, ambayo watu walisema huko yanakotoka ni chakula cha ng'ombe. Ukiusonga, nyumba nzima inanuka gunia. Mwaka huo ndio nilikosa. Nasema nilikosa, tena nasema mbele ya watu, asije mtu kuniambia baadaye kwamba nilijificha.

Jina langu sisemi. Nchi aliko mwanangu sisemi. Iko mbali kusini, inatosha. Nina wajukuu huko, wanasoma, na sitaki mdomo wangu umwage uji wao.

Mimi si mtu wa kulialia. Nimelima mpunga Ahero hadi kucha za miguu zikaoza kwa maji. Nimeuza mchele sokoni Kibuye nikiwa na mimba na nikiwa na homa. Lakini kwa jambo hili hasira yangu haijapoa, na nusu ya hasira hiyo ni juu yangu mwenyewe.

Sikia. Mume wangu alikufa mapema, tumbo langu likiwa tupu. Kwetu mwanamke akifiwa, ndugu wa mume anaingia kumshika mkono. Tunamwita jater. Watoto watakaozaliwa si wake, ni wa marehemu. Marehemu ndiye baba, jina ni lake, boma ni lake. Hilo hata mtoto mdogo analijua. Basi binamu wa mume wangu akaingia, nami mwaka wa tatu nikazaa mvulana. Huyo shemeji alinijengea paa moja linalovuja, halafu akarudi kwa mke wake. Mtoto hakumnunulia hata daftari.

Mvulana akakua, akawa dereva. Aliyemfundisha usukani ni mzee mmoja wa mtaa wa Kaloleni, mjini, mwenye lori, mume wa Mama Zaituni. Mama Zaituni alikuwa akinunua mchele kwangu kuuza kwenye kibanda chake pale Kibuye, kisha akawa rafiki. Mwanangu alikuwa akilala kwao akichelewa mjini. Mama Zaituni alizaa wasichana tu.

Sasa mwaka huo wa mahindi ya njano, kampuni ya malori huko kusini ikatafuta madereva waliozoea barabara ndefu za Uganda na Rwanda. Mwanangu akachaguliwa! Kibali cha kazi wangemtolea wao, lakini aje na pasipoti, tena ndani ya mwezi mmoja, la sivyo nafasi inaenda kwa mwingine. Pasipoti inataka cheti cha kuzaliwa. Na cheti cha mtu mzima aliyezaliwa nyumbani, kwenye mkeka, kinataka mama mzazi aende ofisini na barua ya chifu, aulizwe, aweke kidole.

Tulienda. Nilivaa leso yangu mpya. Karani akauliza jina la baba, nikataja la mume wangu. Akauliza kama yuko hai, nikasema amekufa. Lini? Nikasema. Mjanja angesema alikufa juzi, lakini mimi sikuona cha kuficha. Karani akahesabu, akaweka kalamu chini, akaniangalia.

"Mama, huyu mzee alitoka kaburini kwa mguu ama kwa baiskeli?"

Foleni yote ikacheka. Kuna mtu nyuma alisema labda alipewa lifti na lori. Mwanangu alikuwa anaangalia sakafu.

Nikamweleza karani mambo ya jater, polepole, kama unavyomweleza mgeni. Yeye mwenyewe ni mtu wa kwetu, alijua vizuri kuliko nilivyosema! Akasema fomu haijui mila. Niandikishe jina la yule aliyenipa mimba, au pale kwa baba apige mstari, bila baba. Alikuwa ameshanishika mkono, kidole gumba kimeshaingia kwenye wino.

Mwanangu akainama sikioni mwangu. "Mama, ni karatasi tu. Nyumbani mimi ni wa Baba."

Ningesikiliza hapo! Lakini nilisikia kile kicheko tu. Niliona jina la shemeji mwenye paa linalovuja likipanda juu ya jina la mume wangu. Niliona mstari, kama mwanangu ameokotwa jalalani.

Nikasema, "Kidole changu sikiweki hapo."

Nikafuta wino kwenye leso mpya, nikatoka. Doa hilo halijatoka mpaka leo.

Mwanangu hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Alinipandisha gari la Ahero, akabaki mjini. Wiki tatu sikumwona. Alipokuja, alikuja kuaga. Nilimpikia ule ugali wa njano, akaukata mara mbili akaacha. Akatoa pasipoti. Mimi wakati huo herufi sizijui, nikaona picha yake tu. Nikamwambia asome.

Akasoma jina la kwanza, nikalijua. Akasoma la baba, sikulijua.

Yaani lilikuwa jina la yule mzee wa Kaloleni. Mama Zaituni na mume wake walienda naye ofisi nyingine, mji mwingine, wakaapa kwamba wao ndio waliomzaa. Hakuna aliyehesabu miaka, hakuna aliyecheka. Mama Zaituni hata hakuweka kidole. Yeye anajua kuandika, alitia sahihi.

Kesho yake nilifika Kibuye kabla ya wenye vibanda. Nilimtukana Mama Zaituni matusi ambayo sikujua kama ninayo. Nilimwita mwizi wa tumbo. Watu walijaa. Yeye aliendelea kupima mchele, akamaliza, akafunga mfuko, ndipo akasema.

"Dada, mtoto alikuja akilia. Nimemwazima jina. Siku ukilitaka la kwako litarudi, lakini kibali kisingengoja hasira yako ishuke."

Nilikaa miaka sijamsalimia. Sasa angalia upumbavu wangu: barua za mwanangu zote zilikuwa zinakuja Kaloleni, kwa sababu karatasi zinasema kwao ni Kaloleni. Mama Zaituni alikuwa anazituma Ahero kwa mkono wa binti yake, na huyo binti ndiye aliyenisomea. Mambo ya mwanangu nikayasikia kwa mdomo wa mtoto wa mwizi wangu. Ndiyo maana niliingia gumbaru, masomo ya watu wazima, nikakaa na wazee wenzangu kukoroga a, e, i, o, u. Nilijifunza kusoma kwa kisirani. Na barua ya kwanza niliyosoma mwenyewe ilisema asante Mama kwa mchele uliouza kunilea. Haikuwa na neno baya hata moja. Nililia kuliko kama angenilaani.

Mwanangu mwenyewe hakuja. Kila kibali kikikaribia kuisha, wanamkagua upya, karatasi kwa karatasi, na dereva asiyeonekana anabadilishwa. Alioa huko. Akazaa.

Halafu ikaja miaka ya mgongo wazi. Watu wa ziwani mnaikumbuka. Viwanda vinachukua minofu ya samaki mbuta, inapanda ndege inaenda ng'ambo, sisi tunabaki kukaanga mifupa na kichwa. Mwaka mmoja kati ya hiyo, mke wa mwanangu alikuja na msichana wa kwanza, kuonyesha mtoto kwa nyanya yake.

Walishuka wapi? Kaloleni. Ndipo karatasi inaposema.

Mama Zaituni alinitumia habari siku hiyo hiyo. Bonde letu la Kano lilikuwa limefurika, nilivuka maji ya magotini, nikafika mlangoni kwake na matope kama fisi. Mtoto alikuwa amekaa mapajani mwa Mama Zaituni, ananyonya mfupa wa mgongo wazi. Akauliza mimi ni nani. Mama yake akamjibu kwa upole kabisa, hana kosa, ndivyo alivyoelezwa na mwanangu ili mtoto asije akaropoka shuleni.

"Huyu ni nyanya wa Ahero."

Mnasikia? Yule ni nyanya. Mimi ni nyanya wa Ahero.

Nikamwita mtoto aniambie jina lake. Akalitaja lote, kwa sauti nzuri, kama amesimama mbele ya mwalimu: lake, la baba yake, la babu yake. Babu yake wa Kaloleni. Jina la mume wangu, lile nililoling'ang'ania ofisini, halikuwemo. Nililipigania mpaka nikalifuta.

Nilifikiri hapo ndipo mwisho wa adhabu. Haukuwa. Nilipowaleta Ahero waone boma, shemeji akaja. Ndiyo, yuleyule wa paa. Sasa amezeeka, amesikia kuna mtoto wa dereva wa ng'ambo, naye anataka aitwe baba na atumiwe pesa. Alikuja na wazee wawili wa ukoo na karatasi iliyopigwa taipu mjini. Wino alibeba mwenyewe. Karatasi ilisema mtu huyo anayefanya kazi huko ni damu yetu, jina alilobeba ni la uongo, mimi mama mzazi naapa, na tunaomba serikali ya huko imrudishie jina la marehemu baba yake.

Mke wa mwanangu alipoelewa, alimvuta mtoto karibu yake. Akasema karatasi hiyo ikifika, kibali kinachanwa siku hiyo, na mume wake atatoka kwenye lori aingie jela.

Shemeji akasema, "Si wewe uliyekataa jina la ndugu yangu lipotee? Hili hapa tumelirudisha. Weka kidole."

Na ni kweli! Kila kitu nilichotaka kwa miaka kumi kilikuwa kwenye ile meza. Jina la mume wangu lilikuwa limeandikwa pale, nami sasa najua kusoma, nililisoma mwenyewe.

Enyi kina mama mnaosoma hii, siku mtoto wako akikuomba karatasi ya kumvusha mpaka, mpe. Andika jina la jater, piga mstari, andika jina la jiwe. Wakicheka waache wacheke, foleni huisha watu wakaenda nyumbani. Marehemu hasomi fomu, na mtoto uliyemnyima atapewa na mwingine. Mimi nimechelewa. Nyanya wa Ahero nitakufa nyanya wa Ahero.

Wazee walikuwa wananingoja. Shemeji akafungua kile kisahani cha wino, akakisukuma mpaka mbele yangu. Nilimwangalia mjukuu wangu, nikaficha mikono yote miwili ndani ya ile leso yenye doa.

Nikasema, "Kidole changu sikiweki hapo."