Nilibadilishana mbuzi wa mke wangu na "German Shepherd", josho likamtoa rangi

Mwangaluka wakuu. Mlioko mijini, hiyo ni salamu, itikieni tu.

Shule mimi niliishia getini, kwa hiyo mwandiko mtanivumilia. Ila haya yamenikuta mwenyewe hapa Bariadi, na nikiongopa fisi anikute njiani nimevaa ndala iliyokatika.

Fisi ndio chanzo. Walikuwa wanaingia zizini kwangu kama wamealikwa harusi. Nikasema hapa natafuta mbwa wa maana.

Mnadani kuna jamaa anajiita Dokta. Koti jeupe, gambuti, na boksi la vitoto vya mbwa. Alishamtibu nani, sijui. Tukapeana namba, jioni akanirushia voice note, ninayo mpaka leo:

"Ngosha, huyu ni German Shepherd pyua. Baba yake ni askari, yuko kazini mpaka sasa."

Na kweli mtoto alikuwa mweusi mgongoni, anang'aa kama kiatu cha bwana harusi.

Dokta hakutaka hela, alitaka mbuzi. Nikampa mbuzi jike mwenye mimba.

Tatizo dogo tu: mbuzi alikuwa wa mke wangu, kapewa na mama yake kule Zagayu.

Sasa oneni ujinga. Sisi Wasukuma ng'ombe hata awe kilema hununui bila shahidi. Lakini mbwa? Nikaona nikiita wazee waje kushuhudia mbwa watanicheka mpaka msimu wa pamba. Nikambeba kimya kimya.

Siku ya kuogesha ng'ombe nikasema na huyu kupe wake watoke. Nikamshika shingo, nikamchovya joshoni.

Wakuu, aliingia askari akatoka raia.

Josho likawa jeusi, ng'ombe wakagoma kuingia. Kumbe ni dawa ya viatu. Mkononi nimebaki na kimbwa cha njano, kile kile cha kuzurura vilabuni.

Mzee wa josho akaniuliza taratibu, "Bhabha, umeleta mbwa au kiatu?"

Mke wangu alipojua hakupiga kelele. Alihamishia godoro langu jikoni.

"Mbuzi wa mama akirudi, na wewe utarudi ndani."

Nikawa nalala na moshi na mbwa. Kale kambwa kanakoroma mpaka trekta lisikie aibu.

Nikampigia Dokta. Akanijibu, "Mali ikishatoka hairudi, Ngosha. Na shahidi wako ni nani?"

Nikampelekea kesi binamu yangu anayefanya kazi mahakamani. Akanifungua macho: ukiuziwa kitu kwa maelezo haya, kikaja kitu kingine, una haki ya kukikataa na kudai chako. Na voice note ni ushahidi.

Kumbe shahidi nilikuwa natembea naye mfukoni.

Tukaenda kwa mtendaji wa kijiji, mama mmoja mpole. Dokta akaja na koti lake. Mke wangu akaja na mbwa. Voice ikachezwa, ofisi nzima ikasikia.

Dokta akakohoa. "Mayu, mimi sikusema ni mbwa pyua. Pyua ni jina lake."

Mtendaji akasema, "Haya, muite."

"Pyua. Pyua, njoo baba."

Mbwa kalala kama gunia la pamba. Hata sikio halikusogea.

Mke wangu, ambaye tangu godoro lihamie jikoni alikuwa haongei na mimi, akasema kwa sauti ndogo, "Mva." Ni mbwa tu, kwa Kisukuma. Kakaruka, kakamlalia miguuni. Kumbe mimi nikinuniwa, wenzangu walikuwa wanapeana makombo.

Mtendaji akafunga kazi. "Mbuzi arudi leo."

Mbuzi akarudi na mapacha. Dokta akataka abaki na kimoja, eti wamezaliwa kwake.

Mtendaji akamwangalia lile koti. "Mwanamke akijifungua hospitali, mtoto anabaki kwa dokta?"

Mbwa tulimrudishia Dokta, yeye mwenyewe akamkataa. Amebaki kwetu.

Wakuu, mnyama ni mnyama. Weka shahidi, andikishaneni, tunza voice, mwite bwana mifugo amkague. Na kabla hujatoa chako, mmwagie maji.

Godoro langu limerudi ndani. Ila mbwa alinitangulia, kalala upande wangu wa kitanda.

Nani mwingine humu aliuziwa rangi akidhani ni mnyama? Shusha yako hapa, nisichekwe peke yangu.