Mlima wa Theluji Chumbani kwa Mama Cheryl

Concilie alizaliwa milimani Bururi, nchini Burundi, akakulia kambini Tanzania, na huko Sydney, Australia, akapata kazi ya kuwaogesha wazee katika nyumba moja ya kulelea, upande wa Liverpool. Hakuwa mtu wa picha. Ile ya chumbani kwa Mama Cheryl aliipangusa vumbi mwaka mzima bila kuitazama: mlima wa Uswisi, uliochorwa na marehemu mume wa bibi huyo.

Kisha macho ya Mama Cheryl yakaingia giza. Korona nayo ikafunga milango, na bintiye wa pekee, aliyekuwa Perth, upande wa pili wa nchi, akazuiwa kwenye mpaka wa jimbo.

"Nitazamie mlima wangu," bibi akaomba asubuhi moja. "Niambie ukoje."

"Ni mweupe, mama. Hata maharage hayaoti pale."

Mama Cheryl akacheka mpaka akakohoa. "Tazama tena."

Ikawa desturi yao kila baada ya kuoga. Concilie akagundua kwamba theluji ile haikuwa nyeupe kabisa. Kileleni iliwaka wekundu wa jua la mwisho, bondeni ikageuka buluu. Chini kulikuwa na kibanda, na mwanamke aliyewapa mgongo, akipanda mlima peke yake. Siku alipomwona mwanamke huyo, alianza kulia. Mama yake alipanda hivyohivyo siku waliyokimbia vita, na hakuonekana tena.

"Lia tu," alisema Mama Cheryl, akimpapasa mkono. "Mume wangu naye aliuchora huku akilia."

Januari 2022, kipimo cha korona cha Concilie kilionyesha mistari miwili. Akajifungia nyumbani kwake Macquarie Fields siku saba, homa ndani, joto la kiangazi nje. Aliporudi, kitanda kilikuwa kitupu.

"Alifariki juzi, kwa korona," mwenzake Léonie alimwambia. "Kila asubuhi alikuulizia. Sisi tulibaki wawili kwa wazee thelathini, nani angemsimulia mlima?"

"Na picha?"

"Wameitupa pamoja na godoro. Msimamizi aliogopa virusi."

Wiki iliyofuata binti wa Mama Cheryl alipiga simu, akamtaka Concilie. "Sina hata nakala ya ile picha. Nakumbuka theluji tu. Nisimulie."

Concilie akaanzia kileleni, akashuka polepole hadi kibandani, kisha kwa mwanamke yule. Upande wa pili kulikuwa na kilio tu.

"Asante. Ulikuwa mwema kwake."

Neno hilo likamchoma. "Dada, siku ya mwisho nilipomwogesha nilikuwa na kikohozi kidogo. Nilidhani ni vumbi. Sikusema."

Simu ikakatwa.

Mwezi wa tatu mpaka wa jimbo ulifunguliwa, binti akaja kuchukua majivu ya mama yake. Alipita kwenye ile nyumba siku ambayo Concilie hakuwa na zamu, akaacha boksi la chokoleti na kadi ya shukrani yenye majina ya wafanyakazi. Concilie aliisoma mara mbili. Lake halikuwamo.