Dorika Ndiye Mwenye Sura ya Baba

Mimi ni mtu wa wivu, nasema mwenyewe kabla hamjasema. Hapa Iguguno nimelima alizeti miaka thelathini, nimezaa watatu, nimezika mume, na siku zote hizo nimemwonea wivu mdogo wangu Dorika. Yeye alizaliwa na sura ya baba: paji lile lile, mwendo ule ule, hata kucheka. Kuku akichinjwa, firigisi ni ya baba, naye alikuwa anampa Dorika. Mimi nilikuwa mtoto wa mama, basi.

Baba alikufa kwa saratani ya utumbo mpana, hamsini hajafika. Ukoo mzima ukaanza kumhurumia Dorika, eti aliyerithi sura atarithi na ugonjwa. Hata kwa huruma akanizidi!

Mwaka jana kaka yetu Hezekia akapasuliwa utumbo huo huo. Daktari huko Dodoma aliupima uvimbe wake, akatuita. Alieleza kwamba seli zikigawanyika hunakili maagizo ya mwili, na makosa hayakosi, ila mwili una namna ya kuyasahihisha. Kwenye uvimbe wa Hezekia usahihishaji umekufa, makosa yamerundikana kama daftari la kwaya lililonakiliwa na mlevi. Kasoro inayoleta hayo ilitoka kwa baba, kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi, na sura haihusiki. Tupime damu.

Dorika akapima. Mimi niligoma, ya nini, na sura si yangu? Majibu yakatoka, Dorika hana. Nyumba nzima ikaimba. Roho iliniuma, Mungu anisamehe, nikaenda kupima ili na mimi niimbiwe. Nikakutwa nayo.

Daktari alisema bado siumwi, ila kila mwaka nichunguzwe utumbo kwa kamera, kinachoota kikatwe mapema. Miezi mitatu sikwenda. Nilikaa tu nikiwaza miaka atakayoishi Dorika mimi nikiwa udongoni.

Juzi akaja na mkoba, miadi ameshaniwekea, akanipeleka Dodoma kwa shangazi. Jioni akakoroga dawa ya kusafisha tumbo. Nikaisukuma, nikamwambia aende zake akafurahie uzima wake.

"Dada, ingekuwa ni mimi ninayo, ungenisindikiza?"

Nilitafuta uongo, nikaukosa.

"Nisingekuja."

"Najua," akasema, akanisogezea kikombe. "Kunywa. Bado vikombe saba."