Maneno Adimu ya Kihispania na Msiba wa Mfamasia

Nilistaafu nikiwa msajili wa vizazi na vifo katika wilaya moja ya mkoa wa Ruvuma, na kwa muda wote wa utumishi wangu sikuweka saini chini ya jambo ambalo sikulithibitisha. Nalitanguliza hilo kwa sababu wapo watu hapa Minnesota wanaosimulia kisa changu na mfamasia kwa namna isiyo sahihi. Wanasema nilikwenda kwenye msiba wa watu nikacheka. Sikucheka. Aliyecheka ni mfiwa, na mimi ndiye niliyemchekesha. Tofauti hiyo niliishikilia kwa hasira mwanzoni, kama mtu aliyeonewa. Baadaye ndiyo iliyoninyima usingizi.

Katikati ya miaka ya elfu mbili na kumi nilikuwa nikiishi Apple Valley kwa binti yangu, ambaye ni muuguzi. Majira ya baridi ya kule hayamruhusu mzee kunyoosha miguu nje, kwa kuwa barafu haichagui umri wala cheo. Wazee wenye busara hupelekwa kutembea ndani ya jumba kubwa la maduka, asubuhi, kabla maduka hayajafunguliwa, wakizunguka korido zenye joto huku wauzaji wakipanga bidhaa nyuma ya vioo. Binti yangu alinishusha mlangoni akienda kazini, nami nikazunguka peke yangu kwa majuma kadhaa, nikiwasalimia watu ambao hawakuitika.

Asubuhi moja kijana aliyekuwa akisukuma toroli la maboksi alimgonga mzee mmoja mfupi mwenye kofia ya sufu, akapita bila kuomba radhi. Mzee yule alimfyatulia neno moja tu la Kihispania: *energúmeno*. Nilisimama. Katika ujana wangu nilisoma seminari ndogo, nikapewa Kilatini cha kutosha kabla mapadre hawajagundua, nami pia, kwamba sikuwa na wito. Nilimwambia mzee yule, kwa Kiingereza changu cha ofisini, kwamba neno lake si la Kihispania kwa asili. Kanisa lilikuwa nalo katika Kilatini, nacho kililitoa kwa Wagiriki, ambao walimaanisha mtu ambaye kuna nguvu nyingine inayofanya kazi ndani yake, yaani mwenye pepo.

Alinitazama kutoka kofia hadi viatu.

"Na wewe ni nani? Kasisi?"

"Hapana. Nilikuwa msajili wa vifo."

"Basi umekuja mapema," akasema. "Rudi baadaye kidogo."

Mwanamke aliyekuwa nyuma yake, akijisaidia kutembea kwa fremu yenye magurudumu, alicheka mpaka akalazimika kukaa. Huyo alikuwa mkewe. Walikuwa wametoka Ekwado, ambako mzee aliendesha duka la dawa maisha yake yote, na sasa walikuwa wakiishi Saint Paul kwa binti yao. Tangu siku ile tulitembea pamoja. Desturi yetu ilikuwa hii: yeye alileta neno moja adimu la Kihispania, nami nilitakiwa kumtajia wazazi wake. Lililotoka kwa Waroma lilikuwa langu. La Wagiriki aliniwahi mara nyingi, kwa kuwa nusu ya dawa alizouza zilibeba majina yao. Mkewe alikaa kwenye benchi katikati ya mzunguko wetu na kuwa hakimu. Kila tulipofika mbele yake, alinyoosha shingo, akainua unyusi mmoja na kuuliza, "Ushahidi, mabwana?"

Mnamo Januari, theluji ikiwa imefika madirishani, mfamasia alileta *canícula*, ambalo kwao ni siku za joto kali kupita zote za mwaka. Nilimweleza kwamba kwa Kilatini ni kijibwa, kwa sababu ya nyota ya mbwa ambayo watu wa kale waliilaumu kwa joto hilo. Mkewe alisema kijibwa hicho kingekuwa na akili kingehamia Minnesota. Siku nyingine lilikuja *gárrulo*, msemaji asiyenyamaza, ambalo Waroma waliliweka kwanza juu ya ndege wapigao kelele; mfamasia alisema amelileta mahususi kwa ajili yangu. Nami nilimjibu kwa *pusilánime*, mwoga, ambalo ndani yake mna roho iliyo ndogo mno, nikamwambia kwamba hata mkebe wa vidonge ungeibeba yake na nafasi ikabaki. Alipoleta *ósculo*, busu, nikaeleza kwamba ni kidomo, mdomo uliofanywa mdogo. Bibi alidai aonyeshwe ushahidi. Mumewe aliinama akambusu kwenye paji la uso. "Hilo si paji," akasema bibi. "Neno limesema mdomo. Rudia kazi yako."

Niliona wazi kwamba watu hawa walikuwa wamezaliwa watani bila kujua, nikawaeleza. Niliwaambia kwamba sisi Wangoni tunao watani wetu, makabila ambayo mababu zetu walipigana nayo, na kwamba baada ya vita tulibakiziwa haki ya kutukanana bila kukasirikiana. Nikaeleza pia kazi ya mtani msibani. Wote wanapolia, yeye huja akaigiza mwendo na sauti ya marehemu, akadai nyama, akawazuia wachimba kaburi, akamkejeli mfiwa mbele ya watu, na mfiwa hana ruhusa ya kununa. Akicheka, basi ameuvuka msiba. Mfamasia alilipenda jambo hilo. Tulipeana mikono hapo mbele ya duka la viatu na kutangaziana utani, yeye kwa niaba ya Kihispania chote na mimi kwa niaba ya Kilatini. Nakiri kwamba sikuwa na mamlaka hayo.

Bibi alifariki mwezi wa tatu, ghafla, nyumbani kwao.

Kule Saint Paul, kabla ya maziko, mwili huwekwa katika jumba la wafanya mazishi, na watu hupanga foleni kuwapa pole wafiwa. Foleni, kama kwenye dirisha la posta. Sikuipenda. Hapakuwa na mkeka, hapakuwa na kilio cha pamoja. Palikuwa na zulia, maua na watu wanaonong'ona. Mfamasia alisimama kando ya jeneza lililo wazi akiwa ndani ya suti iliyomzidi, akishikwa mkono na mtu mmoja baada ya mwingine, uso wake umeganda. Kila mmoja alimwambia maneno yale yale naye akaitikia yale yale. Nilikuwa nimeliandaa neno langu tangu nilipopata habari. Nilikuwa nimelisema na kulisema mbele ya kioo, ni lazima niliseme hilo pia.

Zamu yangu ilipofika sikumpa mkono. Nilinyoosha shingo, nikainua unyusi, nikasema kwa sauti ya mkewe, "Ushahidi, bwana?" Kisha, kwa Kihispania nilichokuwa nimekikariri, na kwa sauti ya kufika nyuma ya chumba, nikamkumbusha neno *cónyuge*, mwenzi wa ndoa, ambalo Waroma walilitengeneza kutokana na nira: wawili waliofungwa nira moja. "Mmoja ameona shamba bado ni kubwa na jua ni kali," nikasema. "Amelala chini kwenye matuta, amekuachia jembe. Siku zote alikuzidi akili."

Mfamasia alicheka. Hakutabasamu, alicheka kwa kinywa wazi, kicheko kilichomtoka tumboni na kumtikisa mabega, na kikaendelea hata alipojaribu kukizuia kwa kiganja. Chumba kizima kiligeuka. Nilimwona binti yake akija kutoka mlangoni, uso umebadilika rangi. Alimshika baba yake kiwiko akamkalisha, kisha mtu wa pale akaniomba, kwa upole wa kuudhi, nikasubiri nje.

Binti yangu alinikuta barazani. Tulipokuwa garini aliniuliza, "Baba, uli-joke kweli? Kwenye msiba wa watu? Mbele ya family?" Nilimrekebisha kwanza lugha, kisha nikamweleza kanuni. Nilisema utani ule ulitangazwa kwa hiari ya pande zote mbili na hakuna aliyeufuta. Nilisema mtani asiyetania msibani ndiye anayepaswa kuomba radhi. Nilisema nchi inayopanga foleni mbele ya maiti haina la kunifundisha kuhusu heshima. Aliniacha nimalize.

"Baba, wale si Wangoni," akasema.

Mfamasia hakuja tena kutembea. Nilizunguka peke yangu, benchi likiwa tupu au likiwa na watu nisiowajua, na kila mzunguko niliiandaa upya hoja yangu ya utetezi. Ilikuwa hoja nzuri. Sehemu yake yenye nguvu kuliko zote sikuwa nimemwambia mtu yeyote, hata binti yangu.

Asubuhi moja ya mwezi wa pili, mumewe alipokuwa amekwenda msalani, bibi aliniita karibu na benchi. Alisema daktari amempa habari ambayo hajaipeleka nyumbani. Kisha akasema anautaka ule utani wangu. "Siku yangu ikifika," alisema, "uje umchekeshe." Maneno hayo nilikuwa nikiyarudia kichwani kama mtu anayeonyesha kibali kwa askari. Lakini hakuishia hapo. Aliendelea: "Ila usije siku ya watu wengi. Siku hiyo atakuwa na watu. Njoo wakishaondoka."

Nilimsikia vizuri. Hapakuwa na kelele. Mimi, ambaye niliwahi kuwarudisha nyumbani watu waliokuja kwa mwendo wa siku nzima kwa sababu taarifa zao zilikuwa pungufu, nilichukua nusu ya agizo la marehemu nikaitumia, na nusu ya pili nikaiweka kando kwa kuwa haikunifaa.

Barafu ilipoanza kuyeyuka nilimwomba binti yangu anipeleke Saint Paul. Binti wa mfamasia alifungua mlango akaushikilia. Alisema kwa adabu kwamba baba yake hapokei wageni. Nikamwambia nimeleta maneno ya mama yake. Akasogea pembeni.

Mfamasia alikuwa jikoni, amenyoa vibaya. Aliponiona hakusimama wala hakunitukana, na hilo la pili lilinitisha. Nilianza kumwomba radhi kwa maneno niliyoyaandaa, akaninyamazisha kwa kuinua mkono. Alisema hana hasira na nilichokisema. Alisema neno lilikuwa zuri na asili yake ilikuwa sahihi, aliichunguza.

"Nilicheka," akasema. "Yeye amelala pale, na mimi nikacheka. Dada zake wamesafiri kutoka Ekwado kuja kuniona nikicheka. Kila nikifumba macho najisikia nikicheka."

Hapo ndipo nilipofahamu nilichokuwa nimekifanya. Kwetu kicheko kile kingemvusha. Kwake kilikuwa aibu aliyolala nayo na kuamka nayo, na aliyemtwika ni mimi. Hoja yangu yote ya utani haikuwa na pa kukaa jikoni mle.

Nilimwambia aliyoyasema mkewe. Niliyasema yote kama yalivyosemwa, pamoja na habari ya daktari, na sikuipunguza nusu ya pili. Binti yake aliyekuwa akiosha vyombo alifunga maji ili asikie.

"Alitaka nicheke," akasema mfamasia taratibu.

"Alitaka."

"Watu wakishaondoka."

"Ndivyo alivyosema."

"Nawe ulimsikia?"

"Nilimsikia."

"Kwa nini, basi?"

Nilikuwa na majibu mengi, na baadhi yake yalikuwa na chembe ya ukweli. Foleni ile ilinikera. Uso wake uliganda. Niliogopa kwamba hatapata nafasi ya kuvuka. Lakini nilikuwa mbele ya mtu ambaye alistahili kumbukumbu isiyofutwafutwa. "Neno nilikuwa nimelipata," nikasema, "na nilitaka lisikike na wengi."

Binti yake alikuwa amegeuka, mikono inachuruzika maji sakafuni. Nilidhani atanifukuza, na nilikuwa tayari. Nilikuwa hata sijaketi. Badala yake mzee aliviangalia viti vya jikoni kimoja baada ya kingine, kama anayevikagua, kisha akaangalia sebuleni, ambako hapakuwa na mtu.

"Wameondoka sasa," akasema.

Sikuelewa mara moja. Nilipoelewa nilifungua kinywa, nikatafuta. Nilipita kwa Waroma wote na kwa Wagiriki wachache ninaowajua. Kila neno nililoligusa lilikuwa na maana yake na wazazi wake, na hakuna lililokuwa na kicheko ndani. Nikamwambia sina.

"Basi kaa mpaka ulipate," akasema mfamasia, akakisukuma kiti kwa mguu.

Nikavua koti, nikakaa. Siku ile sikulipata.