Choo cha Gari Juu ya Maji Yetu

Leo wageni wamemwaga choo kwenye maji yetu ya kunywa.

Walikuja na lile gari la kulala ndani, lina jiko, lina choo. Wakapaki kando ya mto mkavu hapa nje ya Lodwar.

Asubuhi nikamkuta mwanaume anamimina tangi la choo mchangani.

"Boss, hapo ndipo tunachota maji."

Akacheka. "Maji gani na hapa ni mchanga tu?"

Shangazi yangu akafika na mtungi wake. Akapiga magoti hatua chache kutoka pale, akafukua. Maji yakatokea.

Jamaa akampa shangazi chupa moja ya maji, mkewe akapiga picha, wakaondoka.

Picha nimeiona sasa hivi mtandaoni. Wameandika, "Tumewaletea maji watu wa Turkana."

Wapigieni makofi basi. Mimi naenda kumsaidia shangazi kuchimba kwingine.