Redio ya Ami Abdillahi

Shee wa Mishi hakujua kukaa. Ukimpa kiti atakikalia ukingoni, mguu mmoja ukitikisika, kama mtu anayengoja kuitwa jina. Mwaka wake wa mwisho katika chuo cha ufundi ndipo alipozidi. Alikuwa akisomea umeme, nasi wenziwe tukimcheka, maana Mtopanga yetu wakati huo haikuwa na taa hata moja isiyotiwa mafuta.

Kilichomla ni wasiwasi wa kupata kazi. Uhuru ulikuwa ukikaribia na kila baraza ilikuwa na mjuzi wake: Wazungu wakiondoka nani atakalia viti vyao, watu wa pwani au wa bara, na huo Mwambao, yaani pwani ijitenge, utakuwaje. Sisi wengine tuliyasikiliza hayo kwa starehe, na kahawa mkononi. Shee aliyasikiliza kama mshtakiwa anayesubiri hukumu. Mamake alikuwa mjane, amemsomesha kwa kuuza mahamri, na kila asubuhi alipomkabidhi chai alimtazama usoni bila kuuliza. Afadhali angeuliza.

Tegemeo lao lilikuwa Ami Abdillahi, jirani wa mbele, msimamizi wa zamu kwenye mtambo wa umeme wa Kipevu. Si ami wa damu, ila alikua pamoja na marehemu baba yake Shee. Aliahidi kulitaja jina la Shee kwa wakubwa. "Subiri, mwanangu," ndilo jibu lake kila siku, na hilo ndilo neno moja ambalo Shee hakuweza kulimeza.

Babake Shee, Mzee Idarus, alikuwa mpiga fidla wa tarabu, na Shee alijua kupiga dumbak, ile ngoma ya tarabu, kabla hajajua kuoga mwenyewe. Harusini alikuwa akilengwalengwa na machozi kwa beti tu. Kisha akajuana chuoni na Absalom, mtoto wa mfanyakazi wa reli anayekaa Changamwe. Shee alikuwa akienda huko kuulizia nafasi kwenye malango ya viwanda, akifukuzwa huishia chumbani kwa Absalom, na mle mlikuwa na gita.

"Nyimbo gani hizi?" aliniambia mara ya kwanza, amekunja uso. "Zaanza bila salamu, zaisha bila kuaga."

Haukupita muda akawa anazifuata kwa miguu. Akirudi, tarabu yamchosha. "Mwimbaji mpaka asafishe koo, mimi nishazeeka," alisema, mbele ya mamake, na santuri za babake zi pale juu ya kabati. Bi Mishi aliinuka akaingia jikoni. Mimi nilikasirika, sifichi. Nilimwona kama mtu aliyehama bila kutuaga. Lakini nikimtazama mguu wake nikawa najua: lile gita lilikuwa likienda kwa mwendo ule ule.

Ndipo redio ya Ami Abdillahi ilipokufa. Ilikuwa redio kubwa ya mbao, ya kutumia betri, nayo alimletea Shee mwenyewe. "Ukiitengeza hii," alisema, "n'tajua nampeleka fundi Kipevu, si mtoto wa jirani."

Shee hakulala vizuri tena. Aliifungua, akaigusa huku na huku, kimya. Alizungusha kifundo cha sauti mpaka mwisho ili apate japo mkwaruzo wa kufuatia, wapi. Katika hali hiyo ndipo tulipoletewa habari kwamba Bi Barke, mamake Ami Abdillahi, amefariki ghafla, hakuugua hata siku moja.

Kwetu mtaa ukiwa na matanga, hakuna anayewasha redio wala santuri mpaka hitima isomwe. Hata wauza kahawa hawagongi vikombe. Wanaume tulikaa kwenye mikeka nje ya nyumba ya marehemu, wanawake ndani. Shee alichota maji, akatandika mikeka, akapasua kuni, akaketi, akainuka. Siku ya hitima, baada ya alasiri, juzuu zimegawanywa na kila mtu ameinamia yake, aliponyoka akavuka njia akaingia kwao. Nia yake, asema, ilikuwa njema. Alikuwa amekumbuka waya mmoja ambao hakuutazama. Alitaka aulehemu tu, ili matanga yakianuliwa amkabidhi mzee redio yake inayosema.

Akaulehemu. Akaunga betri ajaribu, na kifundo cha sauti amekisahau pale pale mwisho.

Gita lilitoka kwenye lile dirisha kama maji ya bomba lililopasuka. Gita, ngoma, na mwanamume anayeimba kwa furaha isiyo na haya. Kisomo kilikatika. Tuliinua vichwa, na mlango wa kina Shee ulikuwa wazi, tukamwona: amesimama, mkono juu ya redio, haizimi. Kuzima ni kugeuza kifundo tu. Alisimama kinywa wazi, akisikiliza, mpaka Bi Mishi alipotoka mbio nyumba ya matanga, kichwa wazi, akazing'oa nyaya kwenye betri kwa mikono yake.

Hapana aliyempiga wala kumtukana. Ami Abdillahi alirudisha macho kwenye juzuu yake, akaanza upya ile aya, na sisi tukamfuata.

Baada ya siku kadhaa Shee alikwenda kuomba radhi, nami nilimsindikiza.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba. Kaa."

"Ami, nisamehe. Sauti ilikuwa juu, nilisahau."

"Kusahau kwampata kila mtu," alisema Ami Abdillahi. "Lakini mimi nilikuona. Wewe ulikuwa wasikiliza."

Nayo ilikuwa kweli.

"Jina lako nililipeleka kabla mama hajafa, na silitoi. Jumatatu nenda Kipevu. Lakini ile redio usiniletee."

Kazi akaipata. Bi Mishi alipiga kigelegele cha chini chini, kwa kuwaheshimu wafiwa. Absalom naye aliandikwa huko huko. Kwa yule Shee tuliyemjua, hiyo ingekuwa sikukuu. Badala yake ile redio aliifunga katika kanga kuukuu, akaisukuma chini ya kitanda. Tarabu haendi, gita hapigi. Kazini Ami Abdillahi humwambia fungua, funga, tazama joto, na si zaidi. Siku moja akanivuta kando akaniambia mwezi ukiandama atatoroka aende Nairobi, akatafute kazi ambayo hakupewa kwa huruma. Nilimkemea. Alinisikiliza huku akitazama njia.

Yaliyofuata nilihadithiwa na Absalom. Mchana walikuwa wakila, Ami Abdillahi kwenye meza yake karibu na dirisha. Absalom alikuwa na redio ndogo ya mkononi, akaifungua, na wimbo wenyewe ukaingia. Ule ule wa siku ya hitima. Shee aliruka chai ikamwagika, akanyoosha mkono auzime.

"Wacha," alisema Ami Abdillahi.

"Ami—"

"Wacha, nakwambia. Siku ile wimbo ulikatwa katikati. Tangu hapo nusu yake imo kichwani mwangu, yazunguka na mauti ya mamangu, haina pa kutokea. Wacha niusikie mwisho."

Shee akakaa. Absalom asema alikaa kiti kizima, mgongo nyuma, na mguu haukutikisika. Mtambo ulikuwa ukinguruma nje, nao watatu wakisikiliza kijiredio. Wimbo ukaenda, ukaenda, ukanyamaza ghafla.

"Ndio huo mwisho wenyewe?"

"Ndio, ami."

"Hata kuaga haukuaga," alisema Ami Abdillahi. Alifuta macho kwa mkono uliojaa mafuta ya mashine, akachukua kofia yake ya kazi.

"Jioni niletee redio yangu."