Pasi za Majirani na Jenereta ya Baba

Rafiki yangu, wewe ambaye nakuhesabu kama mtu wa nyumbani, wacha nianze na harufu, kwa sababu ndiyo inanirudisha nyuma haraka kuliko kitu kingine chochote. Ni harufu ya pasi mpya ya stima ikipata moto mara ya kwanza. Yale mafuta kidogo ya kiwandani yanaungua, vumbi la kabati linaungua, na kama ilikuwa imefunikwa na kitambaa cha kufuma, hata uzi mmoja uliobaki pale unaungua. Changanya hiyo na moshi wa dizeli, halafu weka juu yake majani chai yaliyochumwa asubuhi yakingojea kwenye magunia ya neti. Mtu akiniuliza utoto wangu ulinukia nini, hiyo ndiyo nitasema, na masikio yangu yatakuwa moto kabla sijamaliza, maana kwangu hiyo ni harufu ya aibu.

Kwetu ni kwenye mgongo wa kilima juu ya Merigi, na wakati huo hakukuwa na nguzo hata moja ya stima. Baba yangu alikuwa mkulima wa majani chai na mzee wa kanisa, mtu mfupi mwenye sauti ya kujaza bonde. Mwaka mmoja alinunua jenereta ya dizeli kutoka kwa mkulima wa ngano upande wa Mulot. Ilikuja juu ya trela ya trekta, imefunikwa nailoni, na watoto wa kilima kizima wakaifuata nyuma kama maombolezo yaliyogeuka harusi. Baba akaijengea kibanda cha mabati karibu na zizi la ng'ombe. Ilikuwa kijani, na gurudumu kubwa na mkanda wa kuzungusha dainamo, na kwenye tumbo la injini kulikuwa na kibati cha shaba kimeandikwa kumi na tano. Kila mgeni alipelekwa pale kabla hata ya kupewa chai. Baba aliweka kidole kwenye ile namba na kusema, "Kilowati kumi na tano. Hii inaweza kuwasha mpaka kwa chifu." Kumbe sisi tulikuwa tunawasha balbu mbili na redio, kama mtu aliyefunga fahali nira ili avute kijiko. Hatukuwahi kuiuliza swali gumu. Watu wakaanza kumwita Mzee Kumi na Tano, na mimi, binti yake mdogo, shuleni nikaitwa Kumi na Tano mdogo, nikawa natembea kifua mbele.

Halafu dada yangu mkubwa, Chepkoech, akachumbiwa na kijana wa upande wa Londiani. Siku ya koito, yaani siku ile familia mbili zinaketi kuelewana juu ya mahari, wakwe walikuja wengi, wakanywa mursik, yaani maziwa yetu ya mgando ya kibuyu, na mambo ya ng'ombe yakaenda vizuri kuliko tulivyotarajia. Nafikiri uzuri huo ndio ulimlevya Baba, kwa sababu pombe hakuijua. Mkwe mzee alipotaja kwamba wamepanga kukodi mashine ya stima Kericho kwa ajili ya harusi, Baba alisimama. "Mashine ya nini, mkwe? Spika, taa za hema, friza ya soda, pampu ya maji, birika za chai ya wageni, yote niachieni mimi. Nyinyi leteni watu." Walipiga makofi, na kesho yake wakauvunja ule mpango wa kukodi. Ahadi ni deni, tunasema, lakini kwetu kuna deni lingine zito zaidi. Ng'ombe wa mahari anaweza kuchelewa na watu wakaelewa. Neno ulilojitolea mwenyewe mbele ya wakwe, bila kuombwa na mtu, hilo halina mahali pa kuchelewa.

Chepkoech alikuwa amemaliza kidato cha nne. Jioni moja, wiki ya harusi, tulikuwa jikoni tukiosha vyombo, akamwambia Mama polepole, "Mama, ile kumi na tano ni ya injini. Ni nguvu za farasi. Siyo stima."

"Farasi gani tena?" Mama akauliza.

"Na hata hiyo ni injini ikiwa mpya, tena huko chini pwani. Huku juu hewa ni nyembamba. Inapumua kama mtu anayepanda mlima na gunia la majani mgongoni."

Hatukujua Baba yuko mlangoni. "Kwa hivyo shule yako inajua mashine yangu kuliko mimi?"

"Siijui, Baba. Lakini hata wewe huijui. Si tuipime?"

Alieleza vile inapimwa. Kila chombo cha stima kimeandikwa chini yake kinakula kiasi gani. Unachomeka kimoja, unaongeza kingine, unajumlisha, huku unasikiliza injini na kuangalia balbu moja uliyoiweka iwe shahidi. Pale mashine inapoanza kuzama, hapo ndipo nguvu yake inaishia, hata kibati kiseme nini. Shida ni kwamba nguvu haipimwi bila mzigo, na sisi mzigo hatukuwa nao. Lakini kilima chote kilikuwa nao. Siku hizo bibi harusi alikuwa anazawadiwa pasi ya stima na jamaa wanaofanya kazi mjini au kwenye nyumba za mashamba makubwa ya chai, hata kama huko anakoolewa nguzo haijawahi kuonekana. Pasi hizo zilikaa kwenye kabati la vioo ndani ya katoni zake, juu yake kitambaa cheupe, zikingoja stima kama vile sisi tunavyongoja Bwana arudi. Ili kuzipata, Baba angelazimika kwenda mlango kwa mlango na kusema kwa nini anazitaka. Ni Mama aliyelikata lile jambo, bila hata kuinua macho kutoka kwenye sufuria. "Baba Chepkoech, afadhali uaibike Jumanne kuliko Jumamosi." Mficha uchi hazai. Kesho yake asubuhi nilimwona Baba amevaa koti lake la kanisa, anateremka kwenda kuomba pasi.

Majirani walikuja Jumanne alasiri, na hakuna aliyekubali pasi yake itumwe peke yake. Kila mama alibeba yake kifuani kama mtoto wa kubatizwa, amejifunga kitambaa kizuri kichwani. Mama Zakayo, jirani yetu ambaye mdomo wake haukuwa na breki, alitoa yake kwenye katoni na kusema, "Hii pasi ni rika moja na Zakayo wangu na haijawahi kuona moto. Leo inapewa jina." Wakacheka. Tuliziweka zote juu ya bati lililolazwa kwenye meza uwanjani, na balbu ikaning'inia kwenye kivuli ndani ya kibanda. Baba akazungusha mkono wa injini mpaka ikashika.

Pasi ya kwanza ilipochomekwa, injini ilikohoa ikatulia. Ya pili, sauti yake ikashuka, ikawa kama mzee anayesafisha koo. Ya tatu ikaanza kazi kweli, kama fahali akifikia udongo mgumu, na ile harufu niliyokuambia ikapanda, na akina mama wakawa wanatema mate kwenye vidole na kugusa pasi zao kusikia "tss", wanafurahi. Mimi pia nilifurahi. Nilihesabu pasi zilizobaki mezani na nikajua kumi na tano iko njiani. Chepkoech akachomeka ya nne. Balbu ikawa rangi ya kiini cha yai, halafu rangi ya chai ya rangi. Moshi mweusi ukatoka, mkanda ukalia kama nguruwe. "Toa! Toa moja!" akapiga kelele. Wakatoa, injini ikarudisha pumzi. Akajaribu tena kwa kuweka kipasi kidogo cha safari badala ya ile kubwa, na hapo ikashikilia, ikitetemeka, lakini ikashikilia. Alijumlisha kwa vidole, kila pasi kubwa kilowati moja, kile kipasi nusu. Wakati huohuo Baba akazima injini, na kilima kikawa kimya kabisa, kwa hivyo neno ambalo dada alikusudia limfikie Baba peke yake lilisikika na kila mtu.

"Tatu na nusu."

Mama Zakayo akauliza, "Na ile ingine yote imeenda wapi?"

"Imebaki Mulot ikilima ngano," mtu akajibu nyuma, na uwanja ukapasuka kwa kicheko. Baba alichukua kitambaa akapangusa kile kibati cha shaba, ambacho hakikuwa na uchafu wowote. Nilitamani acheke na wao, au akasirike, au aingie ndani. Alipangusa tu. Kabla pasi hazijapoa, mtoto wa darasa letu aliniita kutoka kwenye ua, "Tatu na Nusu!" na jina hilo nilikaa nalo mpaka nikamaliza shule ya msingi.

Jumatano alfajiri Baba aliondoka kwenda Londiani kuwaambia wakwe kabla umbea haujamtangulia, na mimi nikabebeshwa kibuyu cha mursik. Nakumbuka baridi ya kule, na mama mkwe amevaa sweta mbili, moja juu ya nyingine. Tulipewa chai. Baba hakuigusa. Alisimama kama mtoto anayesoma mbele ya darasa. "Wakwe zangu, niliwaambia kumi na tano. Tumeipima. Ni tatu na nusu." Ile sauti ya kujaza bonde haikutosha hata kujaza kile chumba.

Mzee mkwe alikaa akimwangalia. "Tatu na nusu inabeba nini?"

"Spika na taa za hema. Basi."

"Na soda?"

Mama mkwe akavuta sweta zake. "Kwani soda baridi ni ya nani? Huku hata maji ya kunywa tunapasha." Watu wakacheka vizuri tu, bila ubaya, na Baba akacheka pia, lakini alichelewa, wenzake walikuwa wameshamaliza. Wakati wa kuagana mzee alimshika mkono asiuachilie. "Mkwe, hii tatu na nusu sasa ni ya kweli?"

"Ni ya kweli," Baba akasema. "Nitakaa nayo mwenyewe."

Na alikaa nayo. Siku ya harusi soda zilipoa mtoni ndani ya magunia ya neti, chai ikachemshwa kwa kuni, na spika zikaimba hazikukwama hata wimbo mmoja. Lakini wageni wa mjini ni wageni wa mjini. Binamu yetu mmoja alifika kibandani na mashine ya kukausha nywele, na Baba akamzuia, "Hapana mama, hiyo itanyamazisha mchungaji." Aliona kwamba akiondoka dakika moja tu mtu atachomeka birika. Kwa hivyo aliketi kwenye jiwe mlangoni mwa kibanda na suti yake mpya, ua la harusi kifuani, sikio kwenye injini. Mpiga picha akapanga familia. Mshereheshaji akaita kwa spika, "Baba ya bibi harusi, picha!" Baba akainua mkono, akaonyesha mashine, akatikisa kichwa. Mshereheshaji akacheka. "Mzee anasema akitoka hapo, mimi nitakuwa bubu!" Hema lote likacheka, wakwe na watumishi wa Mungu pamoja. Niliangalia viatu vyangu vyeupe. Mpiga picha alikuwa amemwachia Baba nafasi kati ya Mama na dada, akifikiri atakuja. Hakuna aliyesogea kuijaza.

Leo nimepita miaka arobaini na nina watoto wangu. Sekondari nilisomea jioni, kwenye masomo ya watu wazima, baada ya kutoka kuchuma majani. Siku mwalimu alipoandika ubaoni wati za pasi na birika akauliza nani anaweza kujumlisha, nilijua jibu kabla hajaweka chaki chini, na mkono wangu ulikataa kuinuka. Nguzo zimefika kilimani zamani. Wanangu wanapiga pasi sare za shule huku wanaongea na simu, na pasi kwao si kitu cha kuvalia kitambaa kichwani. Jenereta iko palepale, kuku wanataga kwenye gurudumu. Baba ni mzee sasa, na stima ikififia kidogo jioni utamsikia akiuliza, "Nani ameweka pasi?" na kabla hujajibu ameshafika mlangoni. Nimeomba sana juu ya ile aibu. Mungu amenisaidia nikaona kwamba ile tatu na nusu haikumdanganya mtu hata mara moja. Lakini albamu ya dada nikiifungua, ile nafasi bado iko pale, na masikio yangu bado yanapata moto.

Binti yangu ana koito yake mwisho wa mwaka. Juzi wakwe walipokuja kutusalimia, mume wangu alijipanga kwenye kiti, akasafisha koo, akaanza, "Mambo ya hema na chakula, hayo niachieni..." Nilimkanyaga mguu chini ya meza mpaka akanyamaza. Kwa hivyo nakuomba hivi: kama unamjua baba yeyote anayeoza binti, msomee haya kabla siku ya kuongea haijafika. Mwambie aazime pasi za majirani, apime kwanza, na wacheke wakitaka kucheka. Halafu siku yenyewe aje asimame kwenye picha.